Kisigino cha Zulaikha

Kiatu kinachouma hurudi kwa fundi. Ndivyo alivyozoea kusema Muhire kila alipomkabidhi mtu kiatu chake, hata wateja wa pale karibu na stendi ya Kamembe wakawa wanalimalizia neno hilo kabla yeye hajafunga mdomo. Maana yake ilikuwa nyepesi: chukua, vaa, tembea, kikikubana rudi, nitakirekebisha, sitakuuliza kitu. Na kwa kweli hawakurudi. Kwa miaka yote aliyokaa katika kibanda chake cha mabati, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi na donge la nta mfukoni, watu waliorudi wakichechemea wangeenea wote kwenye benchi lake moja na nafasi ikabaki. Baba yake alikuwa fundi viatu, na babu yake vilevile, na Muhire alikuwa na vidole vya ukoo huo: vipana, vyeusi kwa nta, vigumu kama gome.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe Zulaikha ndiye aliyekuwa na maneno. Alishona nguo kwenye baraza la duka moja mteremkoni kuelekea soko, katika safu ya mafundi wa cherehani za miguu, na sauti yake iliwafikia wapita njia kabla ya sura yake. Wanawake waliovuka mpaka kutoka Bukavu walimletea vitenge, wakamwachia vipimo, wakaondoka wakicheka. Mguu wake wa kulia ulikanyaga, wa kushoto ukafuata, na gurudumu likazunguka tangu asubuhi hadi jua lilipogeukia upande wa ziwa.

Halafu kisukari kikaja. Kilianza na kiu, kikaenda kwenye macho, ikawa kutunga uzi kwenye sindano ni kazi ya kuomba msaada. Mwishowe kikateremka miguuni. Kwanza ilikuwa kama siafu wanatambaa chini ya ngozi. Baadaye wakawa pini. Baadaye, alisema mwenyewe, ilikuwa kama mtu amemwaga makaa ndani ya viatu vyake na kumwambia avae, atembee. Alilala miguu ikiwa nje ya blanketi. Kukicha alikuwa amechoka kuliko alivyolala.

"Baba Ingabire," alimwambia mumewe siku moja, wakinywa chai, "macho bacukue, niko na miwani. Lakini miguu bakicukua, nitakuwa muntu wa kukaa kwenye mukeka na kulishwa."

"Nani atakucukulia miguu?"

"Muganga alisema. Batu ba sukari banakatwaga."

Muhire aliitazama miguu ile. Alijua miguu ya nusu ya mji ule, mipana na myembamba, yenye vidole vilivyopandana na yenye nyayo bapa; lakini mguu aliokuwa akiujua kuliko yote ulikuwa huo, ambao aliushonea viatu vya harusi bila kuupima, kwa kuutazama tu akiwa kijana, Zulaikha akipita njiani na dada zake.

Kitu kimoja kilimpa Zulaikha nafuu, nacho ni maji. Bomba la uani kwao lilitoa maji ya baridi ya mlimani, na kila ulipoingia wakati wa sala alipandisha sketi, akakaa kwenye kigoda, akaosha miguu polepole kuliko inavyohitajika. Alipitisha vidole katikati ya vidole, akazunguka kifundo, akamaliza na kisigino, akikisugua kwa kiganja kizima. Alipokuwa msichana wa madrasa, mwalimu wao aliwapanga watoto mstari baada ya kutawadha, akawageuza migongo na kutazama visigino. Mwenye kisigino kikavu alirudishwa bombani. "Uso mutu hausahau," alikuwa akisema, "anausahau huu wa nyuma." Zulaikha hakuusahau tena. Mara tano kila siku, juani au mvuani, mkono wake ulipita pale, na kama kulikuwa na mkwaruzo au mwiba, alikuwa ameshaujua kabla ya adhuhuri.

Habari za mafuta ya kupaka zililetwa na Épiphanie, muuguzi wa kliniki ya kisukari. Alikuwa mtoto wa Wanyarwanda waliokulia Bukavu, akarudi na Kiswahili cha huko, mwepesi wa kucheka na mkali kwa wagonjwa wanaokula maandazi kwa siri. Alimwita Zulaikha pamoja na mumewe, akawaketisha, akaeleza kwamba kuna mafuta mapya ya kutuliza moto wa miguu yanayojaribiwa, na kwamba wanatafuta watu wa kuyapaka kwa miezi michache.

Kwanza akampima. Alimfumbisha macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, hapa na pale, akimwambia aseme "ndiyo" kila anaposikia kitu. Zulaikha alisema ndiyo juu ya mguu, akasema ndiyo katikati ya unyayo. Uzi ulipofika kisigino akanyamaza, akingoja, na Muhire aliyekuwa akitazama aliona uzi ukipinda kwenye ngozi na mkewe bado anangoja.

"Kisigino hakisikii, Maman," alisema Épiphanie. "Pale mbele panawaka, lakini huku nyuma pamelala. Lazima ukiangalie kila siku."

"Ninakiosha mara tano kila siku. Kwa mukono wangu."

"Kweli? Basi umepita bagonjwa bangu bote. Ni muzuri sana."

Ndipo akachukua tyubu mbili nyeupe, akaziweka mezani.

"Sasa sikiliza. Moja iko na dawa. Ingine ni mafuta tupu, haina kitu. Zinafanana: rangi moja, harufu moja. Wewe hautajua umepewa gani."

"Weye utajua."

"Hata miye sijui. Daktari wa hapa naye hajui. Ziko na namba tu."

"Basi nani anajua?"

"Mungu."

"Mungu peke yake?"

"Mungu na ordinateri ya Kigali," alisema Épiphanie, akichezesha vidole hewani kama anayebonyeza kompyuta, na wote watatu wakacheka.

Aliendelea. Mafuta yanapakwa asubuhi mapema, pale panapowaka tu, vidoleni na mbele ya unyayo. Anayepaka avae glavu, kwa sababu dawa yenyewe ikigusa jicho mtu atalia mpaka jioni. Na yakishapakwa, mguu usiguswe na maji mpaka usiku.

Zulaikha akaacha kucheka. "Basi hiyo si yangu, mutoto wangu. Miye ninasali."

"Hakuna wa kukulazimisha, Maman. Ukikataa, tutaendelea kukutibu kama zamani, hakuna atakayekasirika."

"Nimekataa." Akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu, chini ya kiti.

"Ngoja kidogo," alisema Muhire. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. "Ngoja nimuulize sheikh."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyesikia kwamba maneno mawili yalikuwa yamegongana mle chumbani: lile la kisigino kuoshwa kila siku, na lile la mguu kutoguswa na maji. Kila moja lilikuwa la kweli. Yalipita kama watu wawili wanaopishana mlangoni, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Sheikh Byiringiro alimpokea Muhire baada ya alasiri, akamsikiliza hadi mwisho. Akasema dini haikuja kumchoma mtu miguu. Kuna ruhusa, akasema, tena ya zamani sana: mtu akitawadha akamaliza, akavaa soksi za ngozi zinazofunika vifundo, basi usiku na mchana mzima hana haja ya kuzivua. Kila akitawadha atalowesha vidole na kupangusa juu ya soksi, mara moja, kutoka vidoleni kupanda juu.

"Na chini? Na kisigino?"

"Chini hapapanguswi. Juu tu, inatosha. Ni wepesi kutoka kwa Mola."

"Soksi zenyewe zinauzwa wapi, sheikh?"

"Zinauzwa mbali," alisema sheikh, akatabasamu akitazama vidole vya Muhire. "Lakini fundi mbali yake iko wapi?"

Muhire alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa ameijua siku nyingi. Kwa muda wote ule ugonjwa ulikuwa wa waganga. Wao walipima, wao waliandika, wao waliongea, na yeye alikaa pembeni akiwa ameshika mkoba wa mkewe. Sasa kulikuwa na sehemu iliyohitaji mkono wake. Alimweleza Zulaikha ruhusa ile neno kwa neno.

"Ni sawa," alisema Zulaikha. "Lakini maji ndiyo raha yangu, Baba Ingabire."

"Dawa ikifanya kazi hautahitaji maji ya kukupooza."

"Na kama nimepewa ile tupu?"

"Utakuwa umevaa soksi nzuri."

Alinunua ngozi ya mbuzi kwa Wenceslas, mtu wa Bugarama aliyeleta ngozi zilizotengenezwa kila wiki ya soko. Alichagua ile laini kabisa, ya mbuzi mchanga, akaikunjakunja sikioni kusikiliza kama inalia. Kisha akakaa kibandani kushona. Ladislas, kijana aliyeuza viatu vya mtumba pembeni yake na aliyeamini kuwa kazi yake ya kweli ni kumchokoza mzee, hakuweza kunyamaza.

"Mzee, ngozi laini hivyo unashonea mutoto wa mufalme?"

"Mama Ingabire."

"Eh! Miye bibi yangu nikimushonea kitu cha namna hiyo, atauliza: 'Ladislas, umefanya kosa gani?'"

"Na atakuwa hakukosea."

Wateja wakacheka, na Ladislas akacheka kuliko wote. Muhire aliinama kazini. Alishona mshono mmoja chini ya unyayo, akaupandisha nyuma, akamalizia juu ya kisigino kwa fundo la uzi wa nta, kama alivyomalizia viatu maisha yake yote. Ndani ya kiatu fundo hilo hulala kati ya ngozi na bitana, halimgusi mtu. Soksi hizi hazikuwa na bitana. Sheikh alisema ziwe ngozi, na yeye alitaka ziwe nyepesi. Alilijua fundo. Aliligonga kwa nyundo mpaka likawa bapa, akalisugua kwa sabuni, akatia mkono ndani akapitisha kidole. Hakusikia kitu. Akapitisha kidole cha pili. Laini.

Alimvalisha yeye mwenyewe, akiwa amepiga goti uani. Zulaikha alinyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili, akaitazama kwa miwani yake.

"Zinabana?"

"Hapana."

"Zinauma mahali?"

"Haziumi, Muhire. Umeshona kama ulinipima nikilala."

Alimwita Muhire kwa jina siku chache sana katika maisha yao, na Muhire alizikumbuka zote.

Basi zikaanza asubuhi mpya. Muhire alikwenda msikitini kwa sala ya alfajiri. Zulaikha aliamka peke yake kwenye mwanga hafifu, akaosha miguu haraka kwa sababu ya baridi, akaikausha, akavaa glavu, akapaka mafuta mbele panapowaka, akavuta soksi mpaka juu ya vifundo. Mchana ulipoingia wakati wa sala, alilowesha vidole na kupangusa juu. Usiku alilala nazo, zikampa joto. Kiganja chake, ambacho kilikuwa kimezoea kuzunguka kisigino mara tano kwa siku, sasa kilipita mara moja tu, gizani, kwa haraka, na vidole vyenyewe vilikuwa vya fundi nguo mwenye kisukari, vimechomwa sindano miaka mingi mpaka ncha zake zikaacha kulalamika.

Moto ukaanza kupungua. Mwanzoni hakusema, akiogopa kuusema. Baadaye alimwambia Muhire kuwa makaa yamekuwa majivu ya moto, kisha kwamba majivu yenyewe yamepoa. Miguu iliingia ndani ya blanketi. Alilala hata akakoroma, na Muhire, aliyekuwa akilala kwa kusikilizia, akalala pia. Barazani kwake cherehani ikaanza kukimbia kama zamani. Aliwaambia wenzake kwamba yeye ndiye aliyepewa tyubu yenye dawa, hakuna ubishi, na kama ordinateri ya Kigali inasema vingine, waizime na kuiwasha tena.

Alipokwenda kliniki mara ya kwanza tangu aanze kupaka, Épiphanie alimvua soksi, akazisifu, akatazama miguu chini na juu, akaona iko salama. Alipomgusa kwa ule uzi, sehemu zilizosema ndiyo zilikuwa chache kuliko mwanzo. Épiphanie aliandika, uso wake ukawa na kivuli kidogo. "Usisahau kuangalia, Maman," alisema. Mara iliyofuata Zulaikha hakwenda. Kulikuwa na harusi kubwa, nguo za wasimamizi wote zilikuwa mezani kwake, na alimpigia Épiphanie simu akicheka, akaomba wasogeze mpaka wiki nyingine. Mtu hakimbilii kwa mganga siku ambayo haumwi.

Muhire ndiye aliyesikia harufu. Ilikuwa ndogo, ya kujificha, ikija na kuondoka alipopita karibu na kitanda. Naye alikuwa mtu wa ngozi. Pua yake iliijua harufu hiyo tangu utoto: ni ya ngozi iliyotengenezwa kwa haraka, isiyokolea chumvi wala magome, ambayo baada ya muda huanza kukumbuka kuwa ilikuwa nyama.

"Wenceslas amenidanganya," alisema.

Siku ya soko alimfuata Wenceslas mbele ya watu, akiwa na kipande kilichobaki cha ile ngozi.

"Nusa!"

"Ninanusa. Ni ngozi."

"Inaoza. Umeniuzia ngozi mbichi, nimemvalisha bibi yangu kitu kinachooza."

"Mzee Muhire, hiyo unashika mukononi haiozi. Nusa weye mwenyewe."

Muhire hakunusa. Alikuwa na hasira ya mtu mpole, ambayo haina njia ya kurudi. Alimwita Wenceslas mwizi, yeye ambaye hakuwahi kumwita mtu yeyote hivyo, na Ladislas akaja kumshika mkono na kumwondoa taratibu, bila mzaha wowote.

Jioni hiyo alimwomba mkewe zile soksi, azitie chumvi na kuzianika. Zulaikha alizivua, akampa, akajifunika miguu kwa kanga. Muhire alizichukua hadi uani kwenye mwanga. Akazigeuza ndani nje. Soksi ya kushoto ilikuwa safi, na ngozi yake ilinukia ngozi tu. Ya kulia ilikuwa na doa nyuma, jeusi, lenye unyevu, na katikati ya doa lilikuwa fundo lake. Nta ilikuwa imetoka, uzi umekauka, ukainuka ukawa mgumu kama punje ya mahindi. Alipitisha kidole. Hakusikia kitu. Akaligusisha kwenye shavu lake, akasikia likikwaruza.

Alirudi ndani akiwa ameishika.

"Mama Ingabire. Nionyeshe kisigino."

"Kina nini?"

"Nionyeshe tu."

Alifunua kanga. Zulaikha hakuweza kupaona pale nyuma. Alitazama uso wa mumewe kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na yote aliyohitaji kuyajua aliyaona humo.

"Lakini hapaumi," alisema. "Baba Ingabire, naapa, hapaumi hata kidogo."

Épiphanie alipoona, hakugomba. Alivaa koti lake akapanda nao gari, akaketi ameushika mguu ule mapajani mwake njia nzima. Hospitalini walisafisha, wakakata kidogo, wakangoja, wakakata tena. Kidonda kilikuwa kimeshafika kwenye mfupa. Daktari, mtu kijana mwenye sauti ya chini, aliwaambia kwamba wakiendelea kuuhurumia mguu watampoteza mwenyewe. Ulikatwa chini ya goti, wa kulia, ule uliokanyaga kwanza.

Katika siku zile Wenceslas alifika wodini, amevaa koti la kanisani, na mfuko wa machungwa mkononi. Muhire alisimama, akampisha kiti.

"Ngozi yako ilikuwa nzima," alisema. "Nisamehe."

"Imekwisha, mzee. Kosa lingekuwa la ngozi yangu, ningefurahi. Ningekulipa ikaisha." Akaweka machungwa juu ya kabati, kisha akakumbuka ugonjwa wenyewe, akayatazama kwa aibu. Zulaikha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu akatwe.

"Wenceslas, unataka bakate na wa pili? Wape bale banaonilinda."

Walipokuwa wamesharudi nyumbani, Épiphanie alikuja kuwaona, bila sare, amevaa kitenge. Kwa sababu ya yaliyotokea, namba ya tyubu ya Zulaikha ilikuwa imefunguliwa Kigali, ijulikane alipewa ipi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Maman, nimekuja kukuambia. Ile yako ilikuwa mafuta tupu."

Nje kuku alikuwa akichakura. Zulaikha alivuta kanga, akafunika goti lake.

"Lakini moto ulizimika," alisema.

"Ulizimika."

"Sikuota. Nililala usingizi, muulize huyu."

"Ninajua, Maman. Kuna batu banapata nafuu kwa kuamini tu. Na kuna wengine..." Épiphanie aliinamisha kichwa. "Mishipa inayoleta habari za maumivu, sukari inaiua polepole. Ikiwa inakufa, inapiga kelele. Ikishakufa, inanyamaza. Sitaki kukudanganya. Inawezekana ni hivyo."

Zulaikha aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyofanya mteja alipomweleza mshono.

"Kumbe moto ulizimika kwa kuisha kuni," alisema.

Muhire alitoka nje. Alisimama karibu na bomba, mkono ukutani. Kutoka ndani alimsikia mkewe akiuliza kama wale waliopewa tyubu yenye dawa wanapata nafuu, na Épiphanie akijibu kuwa bado hawajajua, kwamba jaribio halijaisha. "Mukijua, mutuambie," alisema Zulaikha. "Nataka kujua kama ni dawa nzuri." Kisha akamsikia yule muuguzi akilia, na mkewe akimbembeleza.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililokuwa zito. Sheikh alikuja, akasema yeye ndiye aliyetoa ruhusa bila kuuliza juu ya kisigino. Épiphanie alisema yeye ndiye aliyekataza maji. Zulaikha alisema yeye ndiye aliyeacha kwenda kliniki kwa ajili ya nguo za watu. Kila mmoja alikuja na kipande chake cha kosa kama watu wanavyochangia msiba, na Muhire aliwasikiliza, akawashukuru, na kipande chake kikabaki kama kilivyokuwa. Kiatu kinachouma hurudi kwa fundi. Hakuwahi kufikiri juu ya mguu usioweza kuumwa, utamrudisha nani.

Kibandani hakulisema tena neno lile. Siku moja mteja aliyechukua viatu vyake alisimama akingoja, kwa mazoea, kisha akalianza yeye mwenyewe. Ladislas akamkatiza haraka, akamuuliza kama hataki na soksi za mtumba, bei ya jioni.

Zulaikha alijaribu cherehani kwa mguu mmoja. Gurudumu lilizunguka, likasita, likarudi nyuma na kukata uzi. Alijaribu asubuhi nyingi. Halafu alimwambia Muhire aifunike kwa shuka, isiingie vumbi. Mafundi wenzake walimletea vifungo na pindo za kushona kwa mkono, akavishona kwenye mkeka, na sauti yake ikawa haifiki tena njiani.

"Nishonee kiatu," alimwambia Muhire siku moja.

"Viatu?"

"Kiatu, Baba Ingabire. Kimoja. Cha pili utamvalisha nani?"

Alikishona kwa siku nyingi kuliko alivyowahi kushona jozi. Alitia bitana mbili. Mshono wote aliuweka nje, na fundo nje, wazi, mahali ambapo kila mtu angeliona na kusema kuwa mzee amezeeka.

Sasa kila ukiingia wakati wa sala huacha alichonacho mkononi, hupanda hadi nyumbani. Ladislas humlindia kibanda. Zulaikha hukaa kwenye kigoda kando ya bomba, na Muhire humvua kile kiatu, humwagia maji mguu ule mmoja, katikati ya vidole, kwenye kifundo, na mwisho kisigino. Akimaliza kuukausha hapapasi kwa mkono, maana ameacha kuviamini vidole vyake. Hupiga goti kwenye saruji yenye maji, akainamisha kichwa chake chenye mvi, akaweka shavu lake juu ya kisigino cha mkewe, akakaa hivyo kidogo, akisikiliza kwa ngozi.

Mara ya kwanza majirani waligeuza nyuso. Sasa wamezoea.

"Panauma?" humuuliza, ingawa anajua.

"Hapaumi," hujibu Zulaikha.

Na Muhire hulibakiza shavu lake pale kwa muda mwingine, mpaka adhana imalizike.